Sarafu za shaba za Roma zisomwe kama madai ya watawala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala juu ya sarafu za kale iliyotoka hivi karibuni katika gazeti lako. Niliisoma kwa furaha, kwa sababu habari za Roma ya kale hazipati nafasi mara nyingi katika magazeti yetu, na mwandishi alieleza vizuri jinsi dhahabu na fedha zilivyokuwa nguzo ya hazina ya makaisari. Hata hivyo mambo mawili yamenikereketa. La kwanza ni kwamba sarafu za shaba, ambazo ndizo watu wengi wa dola ile walizishika kila siku, zilitajwa katika sentensi moja tu na kuitwa chenji. La pili, ambalo naliona zito zaidi, ni kwamba picha zilizomo katika sarafu zilielezwa kana kwamba ni ushahidi wa yaliyotokea: bandari ikionekana, basi watu walishiba, mateka akionekana, basi taifa lake lilinyamaza. Nimefundisha historia katika shule za sekondari kwa muda mrefu, na ninashikilia kwamba picha ya sarafu ni dai la mtawala. Dai hilo laweza kuwa la kweli, la nusu kweli au la uongo mtupu, na msomaji ana wajibu wa kulipima kwa ushahidi mwingine kabla ya kuliamini.

Nianze na shaba yenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, Augustus, kaisari wa kwanza, alizipanga upya sarafu za thamani ndogo, kazi iliyofanyika katika miongo miwili ya mwisho kabla ya kuzaliwa kwa Kristo na miaka michache iliyoitangulia. Sestertius na dupondius zilifuliwa kwa shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, na as na quadrans zikafuliwa kwa shaba nyekundu. Sestertius, iliyokuwa na uzito wa gramu 25 hivi, ilikuwa na thamani ya as nne. Sestertius nne zilifanya denarius moja ya fedha, na denarius 25 zilifanya aureus moja ya dhahabu. Askari wa kawaida wa jeshi la miguu alilipwa sestertius 900 kwa mwaka. Katika mji wa Pompeii, uliofukiwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo, maandishi ya ukutani katika nyumba moja ya pombe yaliwaambia wateja kwamba kwa as moja watakunywa, kwa mbili watakunywa kilicho bora zaidi, na kwa nne watakunywa mvinyo wa Falernum. Wasomaji wa Injili wanawakumbuka mashomoro wawili waliouzwa kwa senti moja, na senti hiyo ilikuwa as ya shaba. Mwenye kuuza samaki, mtumwa aliyetumwa sokoni, askari aliyekuwa akicheza kamari kambini, wote hao walikutana na uso wa kaisari katika shaba, na huenda wengi wao hawakupata kuishika aureus hata siku moja. Mtu anayetaka kujua dola ile ilisema nini na raia wa kawaida hawezi kuanza na dhahabu.

Sarafu ilifuliwa kwa mkono. Muhuri mmoja ulikazwa chini, kipande cha shaba kilichopashwa moto kikawekwa juu yake, fundi akashika muhuri wa pili kwa juu na kuupiga kwa nyundo. Kwa kuwa kila muhuri ulichongwa kwa mkono, hakuna mihuri miwili inayofanana kabisa, na kwa hiyo kaisari Nero anaweza kufuatiliwa katika sarafu zake kuanzia kijana mwenye shingo nyembamba hadi mtu mnene mwenye kidevu cha pili na nywele zilizopangwa kwa mawimbi. Sestertius ilikuwa pana, na upana huo ulimpa mchongaji nafasi ambayo dhahabu haikuwa nayo: aliweza kuchonga bandari ya Ostia pamoja na merikebu zake, milango iliyofungwa ya hekalu la Janus, au, katika siku za kaisari Titus, ukumbi mkubwa wa michezo ambao leo tunauita Colosseum, uliozinduliwa mwaka 80, wenye watazamaji waliochongwa kama punje. Sarafu nyingi za shaba zilizofuliwa Roma zilikuwa na herufi mbili kubwa, S na C, kuonyesha kwamba zilitoka kwa azimio la Seneti, baraza kuu la Roma. Wataalamu wamebishana sana juu ya uzito wa herufi hizo, na mimi naona zenyewe ni dai la aina yake, maana zilimwambia mnunuzi wa mkate kwamba Seneti bado ina kauli, katika wakati ambapo nguvu yote ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Wapo wasomi wanaosema kwamba watu wa kawaida hawakuzitazama picha hizo, kwamba walihesabu tu na kupita. Sikubaliani nao, na ushahidi unatoka kwa watu wa zama zile wenyewe. Kaisari Caligula aliuawa mwaka 41. Mwanahistoria Cassius Dio anaeleza kwamba baadaye, chini ya Claudius aliyemrithi, Seneti iliamua sarafu zote za shaba zenye sura ya Caligula ziyeyushwe, na anaongeza kwa uchungu kwamba shaba iliyopatikana haikutumika kwa jambo lolote bora, kwani Messalina, mke wa kaisari, alifanyiza sanamu za mwigizaji aliyempenda. Kama picha ile haikuwa na maana kwa mtu yeyote, Seneti ingehangaika nayo kwa nini? Tena mwanafalsafa Epictetus, aliyezaliwa utumwani, alipotaka kuwafundisha wanafunzi wake jinsi ya kupima tabia ya mtu, alichukua mfano wa sestertius: ikiwa na chapa ya Trajanus, ipokee, ikiwa na chapa ya Nero, itupe, haifai, imeoza. Mfano huo usingeeleweka kama wasikilizaji wake hawakuwa na mazoea ya kutazama ni nani aliyechorwa. Na Nero alipoanguka mwaka 68, baadhi ya shaba zake zilipigwa chapa ya herufi SPQR, yaani Seneti na watu wa Roma, papo hapo juu ya sarafu ambayo bado ilikuwa inatumika.

Sasa nije kwenye mfano ambao makala ile iliutumia, wa sarafu ya kaisari Vespasianus yenye maneno ya kutekwa kwa Uyahudi. Mwaka 70 Titus, mwana wa Vespasianus, aliuteka mji wa Yerusalemu na hekalu likateketezwa. Mwaka uliofuata sestertius zilianza kutoka zikiwa na mtende katikati. Upande mmoja wa mtende ameketi mwanamke ameshika kichwa kwa huzuni, na upande wa pili amesimama kaisari mwenye mavazi ya vita, au, katika aina nyingine, mateka aliyefungwa mikono. Ni picha yenye nguvu sana, na ninaelewa kwa nini mwandishi alivutiwa nayo. Lakini alisimama hapo, na kusimama hapo ndiko kunakompa Vespasianus neno la mwisho ambalo hakulipata.

Mtende ulikuwa alama ya nchi ile kabla ya vita. Hata magavana wa Kirumi waliotawala Uyahudi tangu siku za Augustus waliuweka, ukiwa na vichala vya tende, kwenye vishaba vidogo vilivyofuliwa kwa matumizi ya wenyeji. Vespasianus aliuchukua mti huo huo akaufanya nguzo ya maombolezo. Hakuishia kwenye picha: kodi ambayo Wayahudi walikuwa wakilipa kwa ajili ya hekalu lao aliamuru ilipwe kwa Jupiter wa Roma, na Domitianus, mwanawe mwingine, akaikusanya kwa ukali uliojaa udaku na mashtaka. Domitianus alipouawa mwaka 96, kaisari Nerva aliyemfuata akatoa sestertius yenye mtende ule ule, safari hii bila mateka na bila mwanamke anayelia, na maandishi yaliyotangaza kwamba mashtaka ya uonevu juu ya kodi ya Wayahudi yameondolewa. Msomaji asiye makini atadhani kodi yenyewe ilifutwa, jambo ambalo maandishi hayakusema na wala halikutokea. Kilichoondolewa ni uonevu katika kuikusanya, na kodi ikabaki.

Kisha, mwaka 132, Wayahudi waliasi tena wakiongozwa na Shimoni, anayejulikana kama Bar Kokhba, na uasi huo ulidumu hadi mwaka 135. Waasi walihitaji sarafu, na hawakutengeneza vipande vipya. Walikusanya zile zilizokuwa mikononi mwa watu, zenye nyuso za makaisari na alama za miji ya dola, wakazifua upya kwa mihuri yao. Katika baadhi yake, hasa za fedha, mabaki ya uso wa kaisari bado yanaonekana chini ya chapa mpya. Na katika shaba zao nyingi waliweka nini? Mtende wenye matawi saba, na upande wa pili jani la mzabibu, pamoja na maneno ya uhuru wa Yerusalemu kwa maandishi ya Kiebrania cha kale. Miaka 60 na zaidi baada ya Vespasianus kumketisha mwanamke yule chini ya mti, watu aliodai amewanyamazisha waliutwaa mti wao tena, tena kwa kupiga nyundo juu ya uso wa mrithi wake. Waasi walishindwa kwa umwagaji mkubwa wa damu, hilo halina ubishi. Lakini mtu aliyeiona sarafu ya mwaka 71 peke yake hawezi kujua kwamba mazungumzo yale yaliendelea, na ndiyo maana nasema ni kosa kuichapisha peke yake na kuiita ushahidi wa kunyamaza.

Jambo jingine linalotuhusu sisi wa bara hili halikuguswa kabisa. Hadrianus, aliyesafiri sana kuliko makaisari wengi, alitoa sarafu za majimbo aliyoyatembelea, na miongoni mwake imo Africa, jina ambalo wakati huo lilihusu jimbo la kaskazini, yaani eneo la Tunisia ya leo pamoja na sehemu za Libya na Algeria. Africa amechongwa kama mwanamke aliyejiegemeza, amevaa kichwani ngozi ya kichwa cha tembo yenye mkonga, ameshika nge kwa mkono mmoja na pembe iliyojaa mazao kwa mkono wa pili, na mbele yake kuna kapu la nafaka. Katika sarafu nyingine amepiga magoti na kaisari anamwinua kwa mkono, na maandishi yanamwita kaisari mrejeshaji wa Africa. Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Lepcis Magna katika Libya, naye alimweka mwanamke huyo kwenye sestertius, akiwa na masuke ya nafaka katika vazi lake na simba miguuni.

Nafaka ile haikuwa pambo. Josephus, mwanahistoria Myahudi aliyeandika katika karne ya kwanza, anataja kwamba Africa iliilisha Roma miezi minane ya mwaka na Misri miezi minne. Sestertius ya Nero inaonyesha Ceres, mungu wa kike wa mavuno, ameketi mbele ya Annona, ambaye ni ugavi wa chakula katika umbo la mwanamke. Kati yao pana pishi ya kupimia nafaka na nyuma yao tezi ya merikebu. Mkulima hayumo, mpagazi hayumo, wala baharia hayumo. Chakula kinaonekana kikitoka kwa mungu na kwa kaisari, na nchi iliyokilima inapoonekana hatimaye, katika sarafu za Hadrianus, inaonekana kama mtu anayetoa kwa hiari au anayeinuliwa kutoka chini. Nawasihi walimu wenzangu wasipite haraka hapa. Mwanafunzi akiulizwa ni nani amekosekana katika picha hii, ataelewa utawala wa kifalme kuliko akikaririshwa orodha ya makaisari.

Sitaki nieleweke kwamba kila picha ilikuwa uongo. Mwaka 17 tetemeko la ardhi liliiangusha miji 12 katika jimbo la Asia, ambalo leo ni magharibi ya Uturuki. Kaisari Tiberius alisamehe kodi na kuahidi msaada wa sestertius milioni 10 kwa mji wa Sardis, na sestertius aliyoitoa baadaye, inayotangaza kurejeshwa kwa miji ya Asia, inaungwa mkono na waandishi wa kale. Vivyo hivyo Hadrianus, mwanzoni mwa utawala wake, alifuta madeni ya kodi yanayofikia sestertius milioni 900, na sarafu yake inamwonyesha ofisa akiuwasha moto rundo la hati za madeni. Lipo pia andiko la mawe lililothibitisha jambo hilo. Tunayaamini madai haya mawili kwa sababu yamesimamishwa na ushahidi wa nje.

Pale ambapo ushahidi wa nje unapinga, tuwe tayari kusema hivyo. Katika miaka ya mwisho ya Septimius Severus, sarafu zilitangaza maelewano kati ya wanawe wawili, Caracalla na Geta. Baba alikufa Februari 211 huko York, na kabla mwaka haujaisha Caracalla alikuwa amemuua ndugu yake mbele ya mama yao. Amri ikatoka kwamba jina na sura ya Geta vifutwe. Kutoka Stratonikeia, mji wa Caria katika Uturuki ya leo, zimebaki sarafu za shaba zilizokuwa na vichwa viwili vya ndugu vikitazamana. Kimoja kipo kamili, na mahali pa kingine pamekwanguliwa hadi pakawa bapa. Mtu fulani aliketi akaifanya kazi hiyo sarafu baada ya sarafu. Sijui mfano mwingine ulio wazi zaidi wa jinsi shaba inavyoweza kusema kinyume na alivyokusudia mwenye kuitoa.

Na kuanzia mwaka 348, chini ya makaisari Constantius II na Constans, vilienea kila pembe ya dola vishaba vyenye maneno ya kurejea kwa nyakati za heri, vingi vikiwa na askari anayemchoma mkuki mpanda farasi anayeanguka. Miaka miwili baadaye Constans aliuawa katika uasi wa Magnentius, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikawaka hadi mwaka 353, mpaka wa Uajemi nao haukutulia. Vishaba viliendelea kutoka na maneno yale yale, na ukubwa na uzito wake ukazidi kupungua. Raia aliyepewa kipande hicho sokoni hakuhitaji msomi wa kumweleza hali, kwa kuwa alikuwa ameshika mkononi tangazo la heri pamoja na kipimo cha dhiki.

Mambo haya hayako mbali nasi kama inavyodhaniwa. Rupia ya fedha iliyotumika katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ilikuwa na sura ya Wilhelm II mwenye kofia ya chuma iliyokaliwa na tai, na kuizunguka maandishi ya Kilatini, GUILELMUS II IMPERATOR, yaani Kaisari Wilhelm wa Pili. Shilingi ya Afrika Mashariki ya Waingereza, iliyoanza mwaka 1921, ilimtangaza GEORGIVS V kwa Kilatini kuwa mfalme na imperator wa India, hata herufi V ikitumika mahali pa U kama walivyochonga Warumi. Babu zetu waliolipa kodi ya kichwa kwa sarafu hizo hawakujua Kilatini, na waliozichora hawakutarajia wakijue. Walitaka uso, tai na taji vionekane. Kwa upande mwingine, masultani wa Kilwa walikuwa wamefua vishaba vyao karne nyingi kabla ya hapo bila sura ya mtu yeyote, kwa jina la sultani na maneno ya kumtegemea Mungu yaliyopangwa kwa vina, upande mmoja ukiitikia mwingine. Hayo pia ni madai ya watawala, ingawa yamevaa adabu tofauti, na yanastahili kusomwa kwa jicho lile lile.

Mwisho nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wasomaji, hasa walioko Ulaya ambako shaba za Kirumi huokotwa mashambani na kuuzwa mitaani: tafadhali msizisugue. Naliona pendekezo hilo likirudiwa mara kwa mara, kwamba shaba kuukuu ing'arishwe kwa ndimu na majivu kama tunavyong'arisha sinia. Utando wa kijani au wa kahawia uliojengeka juu ya sarafu kwa karne nyingi ndio mara nyingi unaoshikilia mistari myembamba ya nywele, herufi na mikunjo ya nguo, na ukiondolewa kwa tindikali kinachobaki ni kipande cha shaba king'aavyo kisichosomeka tena. Aidha, mwenye kuiokota aandike mahali alipoiokota na kutoa taarifa kwa mamlaka ya nchi aliyomo, kwa kuwa sarafu isiyojulikana ilikotoka imepoteza nusu ya habari zake.

La pili ni kwako wewe, Ndugu Mhariri. Makala ile ilichapisha upande mmoja tu wa kila sarafu, na chini yake hapakuwa na neno juu ya madini, mwaka wala mji ilikofuliwa. Gazeti lako likirudia mada hii, naomba pande zote mbili zichapishwe, maelezo hayo yawekwe, maandishi ya Kilatini yafasiriwe kwa Kiswahili, na shaba ya Bar Kokhba iwekwe kando ya sestertius ya Vespasianus ili wasomaji waione mitende yote miwili.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa historia,
Tanga